Saa Mbili Iliyopotea Kwenye Dirisha Jeusi

Hilo jina la Fundi Dirisha hakuzaliwa nalo, alilikuta ukweni. Zamani alikuwa karani katika ofisi ya malori, kazi yake kuandika lori gani limetoka na lipi limerudi. Ofisi ilipofungwa wenzake waligombea viti na meza, yeye akaomba kompyuta ya kona, ile nzito ambayo hakuna aliyeitaka. Akaja nayo nyumbani kwa mumewe ameikumbatia kama mgonjwa. Alipoiwasha, badala ya picha likatokea dirisha jeusi tupu, na kistari kimoja kinapepesa kama jicho lenye vumbi. Mama mkwe akalitazama weee, mwisho akasema, "Sasa mwanangu, dirisha gani hili lisiloonyesha nje?" Basi, jina likashika hapohapo.

Lakini yeye dirisha lile alilipenda. Halina mapambo. Unaliandikia amri, linafanya. Ukitaka lifanye mambo kumi kwa mpigo, unaziandika amri zako kwenye faili moja, mstari chini ya mstari, kisha unaliita faili kwa jina. Hakuna kitu kilichomtuliza roho kama hicho.

Nyumba ile ilikuwa inaishi kwa mayai. Chumba cha nyuma kulikuwa na mashine ya kutotolesha vifaranga, ndefu kama kabati, taa ndani, trei juu ya trei. Mota ya kugeuza mayai ilikuwa imeungua siku nyingi, kwa hiyo kila saa mtu alivuta mpini wa chuma, mpini ukalia kwiii, trei zote zikainama upande wa pili. Yai lisipogeuzwa, kifaranga hugandia upande mmoja. Asubuhi yote, tangu alfajiri mpaka saa nne, mpini ulikuwa wa mama mkwe, na ole wake atakayeugusa.

Mume wa Fundi ni mtu mwema, ila ana wasiwasi. Akilala anaota mayai. Akamwomba mkewe atafute njia ya kujua kama kila saa yamegeuzwa kweli. Fundi akabomoa kibodi mbovu, akang'oa kitufe kimoja, akakifunga kwenye mpini kwa waya. Ukivuta, kitufe kinabonyea, na kompyuta inaandika saa kwenye faili la kumbukumbu. Na kwa vile alipenda mistari ikae sawa kama askari, saa zenye tarakimu moja alizitilia sifuri mbele.

Mama mkwe akaja kukagua. Shule aliionja tu, herufi anazifuata kwa kidole, lakini kukagua anakagua.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Sifuri saba na dakika mbili, Mama. Ndipo ulipovuta mpini."

"Saa saba? Saa saba mimi nakula! Nimevuta saa moja, jua bado linapiga miayo."

"Kompyuta inaanza kuhesabu saa sita ya usiku, Mama."

"Ihesabu hivyo ikiwa kwao. Hapa ni kwangu, ihesabu kama watu."

Na hakutoka pale mlangoni. Fundi akacheka, akakaa chini, akaandika faili la pili la amri: lisome kila mstari wa kumbukumbu, litoe sita kwenye saa, pasipobaki kitu liongeze kumi na mbili, kisha liandike kwa maneno makubwa ya kijani, *Saa moja na dakika mbili asubuhi, mayai yamegeuzwa*. Akalijaribu jioni ile, likaenda kama maji. Kitu kimoja tu kilimkera. Dirisha lile likikwazwa na jambo dogo humwaga malalamiko ya Kiingereza, na mama mkwe akiyaona hudhani amevunja kitu. Kwa hiyo akaliamuru kila lalamiko lilimeze, na mstari lisiouweza liuruke. Kimya, safi.

Mama mkwe alifurahi, huyo! Kila akipita anasimama, kidole hewani, anasoma saa zake mwenyewe kwa sauti mpaka jirani fundi cherehani anasikia.

Siku ya tatu mume wa Fundi akasimama mbele ya skrini, mikono kiunoni.

"Saa kumi na mbili ipo. Saa moja ipo. Saa mbili haipo, saa tatu haipo. Saa nne ipo. Jana vilevile. Juzi vilevile." Akageuka taratibu. "Mama, saa mbili huwa uko wapi?"

Sasa, saa mbili ndipo yule jirani wa cherehani anapofungua kibanda chake, na maongezi yake na mama hakuna asiyeyajua.

"Niko nilipo," mama akasema.

"Dirisha linasema—"

"Basi ongea na dirisha."

Mwana akalainisha sauti, na hapo ndipo alipoharibu kabisa. "Sikulaumu, Mama. Umri nao. Jumatatu nitaweka kijana wa asubuhi, wewe upumzike."

"Wanaopumzika ni waliochoka," mama akasema, akaingia chumbani kwake. Usiku ule hakusoma skrini, na chakula alikigusa kwa heshima tu.

Fundi moyo ulimwuma. Kwiii ya mpini aliisikia kila asubuhi akiosha vyombo, lakini ni ya saa ngapi, nani anahesabu? Na dirisha lake halijawahi kumdanganya. Ama mama mkwe anasema uongo, ama kazi ya mikono yake inasema uongo, na yote mawili hayamezeki.

Kesho yake akachukua kigoda, akakaa kando ya mashine.

"Umetumwa unilinde?" mama akauliza.

"Nimekuja kuilinda kompyuta, Mama."

"Haya. Ilinde isikimbie."

Wakakaa. Saa kumi na mbili ikatokea kwenye skrini, saa moja ikatokea. Ilipofika saa mbili mama akanyanyuka, akajifunga kitambaa vizuri kichwani kama anayekwenda mbele ya hakimu, akavuta. Kwiii. Trei zikainama. Wote wawili wakatazama skrini.

Hakuna kitu.

"Nimevuta au sijavuta?"

"Umevuta, Mama."

"Mikono yangu umeiona?"

"Nimeiona."

"Asante. Sasa fanya kazi yako."

Fundi akafungua lile faili la kumbukumbu lenyewe, kabla halijapita kwenye amri zake. Hiyo hapo, 08:03, imekaa kimya na sifuri yake mbele. Na za jana zipo, na za juzi zipo. Kumbe kuandikwa ziliandikwa, ila kuonyeshwa hazikuonyeshwa. Akaifuta ile amri ya kumeza malalamiko, akaliita faili upya. Lahaula! Dirisha likabubujika Kiingereza kama bomba lililopasuka. Akasoma mstari mmoja, akajipiga kofi la paji la uso.

"Nini? Limekufa?"

"Ni mimi, Mama. Namba ikianza na sifuri, dirisha hili huihesabu kwa hesabu nyingine ya zamani, isiyo na nane wala tisa. Saba inaijua. Ikifika sifuri nane, inakwama. Na sifuri nimeiweka mimi, kwa ajili ya urembo. Na nane yao ndiyo saa mbili yetu."

"Na tisa ndiyo saa tatu."

"Ndiyo."

Mama akafikiri. "Yaani lilikuwa linalalamika siku zote hizi, na wewe umeliziba mdomo?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nikazibwa pamoja nalo." Akaanza kucheka, tumbo likitikisika, mpaka akashika mashine. "Loo, mkwe wangu! Mimi na dirisha lako tumefungwa jela moja!"

Fundi akalitengeneza palepale. Kabla ya kutoa sita, dirisha liweke moja mbele ya ile sifuri, kisha litoe mia. Mia na nane, toa mia, nane safi. Saa mbili zote na saa tatu zote zikarudi mahali pake.

Mume akaitwa, akaelezwa, akainamisha kichwa. "Samahani, Mama."

"Samahani haigeuzi mayai. Kaa hapo." Akamkalisha kwenye kigoda mpaka saa tatu. "Vuta."

Akavuta. Mstari wa kijani ukatokea, na mama akaufuata kwa kidole bila haraka. "Saa... tatu... na dakika... moja... asubuhi. Mayai yamegeuzwa. Nani kavuta?"

"Mimi, Mama."

"Hapo hapajaandikwa ni wewe. Nikisema nilivuta mimi, utabishana na nani, na dirisha?"

Mwana akacheka mpaka akafuta macho. Jumatatu hakuja kijana wala nani.

Amri ya kumeza malalamiko Fundi hakuirudisha tena. Siku moja moja Kiingereza hutokea kwenye skrini, na mama mkwe haogopi. Mkono mmoja kwenye mpini, anapaza sauti mpaka jikoni:

"Fundi! Njoo, mwenzako ana neno!"