Picha ya Dunia Sebuleni kwa Mama

Picha hiyo ya dunia niliiona kwanza mimi. Nataka hilo lieleweke.

Ilipigwa na watu waliokuwa wakienda kuuzunguka mwezi, na asubuhi moja ikawa imejaa kwenye simu za Katangi nzima. Katika kikundi chetu cha akina mama wa kanisa, mmoja aliandika Amina mara kumi mfululizo. Katibu wetu, ambaye haamini chochote tangu auziwe mbegu bandia, aliuliza mbona hakuna nyota, kisha akakata shauri kwamba ni kompyuta imechora. Mimi niliitazama mpaka chai yangu ikapoa: duara la buluu, mawingu kama povu la sabuni kwenye karai, na kando yake giza tupu. Nikampelekea mama pale uani alipokuwa akichambua ndengu.

"Mm," akasema, akaendelea kutafuta mawe.

Siku mbili baadaye mdogo wangu, ambaye yuko Kanada akitunza wazee wa watu, alituma picha ile ile. Aliituma kwenye simu yangu, kwa sababu ya mama ni kabambe isiyopokea picha. "Mwonyeshe mama," aliandika. Hakuongeza hata habari yako.

Nilipomwambia mama imetoka kwa nani, alipangusa mikono, akaitisha miwani, akaipokea simu kama anapokea komunyo. "Aiya! Kumbe dunia ni nzuri hivi!"

Nikamwambia hiyo ndiyo niliyomwonyesha juzi. Akasema ile ilikuwa nyingine.

Kesho yake alinituma saiba, kwenye duka la kompyuta, nikaichapishe. Fremu tunayo moja tu yenye kioo kizima, na ndani yake nilikuwemo mimi, nimevaa joho siku niliyohitimu ushonaji. Mama alinitoa kwa ncha ya kisu, taratibu, akaiweka dunia. Nilimshikia fremu. Nilisikia wivu hadi kwenye meno, na sioni haya kusema: miaka saba nimemchotea maji mimi, nimemkanda miguu mimi, halafu mtu wa kutuma picha ya kuokota mtandaoni ndiye anayetundikwa ukutani.

Wageni wakija, mama huweka kidole juu ya wingu moja. "Msichana wangu ako hapa." Wingu lenyewe liko katikati ya bahari, lakini nani atamwambia?

Jumapili moja, mbele ya wenzangu wa kanisa, uvumilivu uliniisha. "Mwaitu," nikamwita mama kwa Kikamba chetu, "hata sisi tuko hapo. Hata ng'ombe iko hapo."

Wakacheka. Mama alinitazama juu ya miwani, akishangaa kwa kweli. "Wewe picha yako ya nini? Wewe nikikutaka si naita tu?"

Wote wakakubaliana kwamba nimebarikiwa. Nikatoka na birika kabla sijammiminia mtu chai. Nilisimama jikoni nikijiuliza kama nimesifiwa au nimetukanwa, na nilikuwa karibu kuamua kwamba nimesifiwa, mama alipoita kutoka sebuleni kwamba wageni wanangoja chai.

Aliita jina la mdogo wangu. Nikaitika.