Mwanamke Aliyekataliwa na Mlango wa Kioo

Sijui kutunga hadithi, na hata ningejua, nisingetunga hii. Haya yalinipata mchana kweupe, hapa Mbuya, na mtoto ninayemtaja humu yuko hai, tunalala chumba kimoja. Ukiniamini, vizuri. Usiponiamini, nisikilize tu mpaka mwisho.

Binti yangu Zaituni alifariki muda mfupi baada ya kujifungua. Aliniachia Aisha, na sikubakiwa na mtu mwingine duniani. Siku ninayoisimulia maziwa ya kopo yalikuwa yameisha. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikateremka hadi supamaketi ya karibu na kwetu, ile yenye mlango wa kioo unaofunguka wenyewe ukiukaribia.

Nje ya mlango alisimama mwanamke kijana, rika la Zaituni. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na sote tulikuwa na matope miguuni, lakini viatu vyake vilikuwa safi. Alisogea mbele, mlango haukufunguka. Akarudi nyuma, akasogea tena. Wapi.

"Mama," akaniambia, "mlango huu haunioni. Nikaribishe niingie nawe."

Wewe ungemjibu nini? Kwetu mtu akipiga hodi, mdomo hujibu kabla ya akili. Hata usiyempenda unamwambia karibu, chakula ukatafute baadaye. Nikasema, "Karibu mwanangu, twende." Mlango ukafunguka, tukaingia bega kwa bega.

Askari wa mlangoni, mzee wa kutoka kaskazini aliyewahi kuwa jeshini, akanipitishia kile kifaa chake cha kutafuta vyuma, akapapasa mfuko wangu. Mwenzangu hakumgusa. Nikamwambia mlango wao umeharibika, unakataa watu.

"Mlango hii inafungukia watu yote, mama," akasema akicheka. "Asubuhi imefungukia kuku ya mtu."

"Basi mbona umemkataa huyu?"

"Huyu nani?" Akachungulia mgongoni kwangu. "Huyu mtoto? Huyu hata kutembea bado."

Nikadhani ananitania, nikapita.

Kwenye mboga kuna msichana anayepima vitu, na mashine inatoa kikaratasi cha bei. Yule mwanamke aliegemea mizani kwa viwiko vyote viwili, kama mtu aliyechoka sana. Namba haikubadilika. Msichana akaweka mfuko wa nyanya wa mteja mwingine palepale katikati ya viwiko, akabandika kikaratasi, akaita anayefuata. Nikafikicha macho. Tangu mazishi nilikuwa silali vizuri, nikajiambia ni kukosa usingizi huko.

Juu ya rafu ya maziwa wameweka skrini inayotuonyesha sisi wateja, ili mwizi ajue anaonekana. Nikaitazama. Nilikuwa peke yangu mbele ya makopo, mtoto mgongoni, hakuna mwingine. Ila mkono wa Aisha ulikuwa umenyooshwa pembeni, vidole vimefumbwa, vile mtoto mchanga anavyoshika kidole cha mtu mzima.

Nikageuka. Mwanamke alikuwa nyuma yangu, na mjukuu wangu alikuwa amemshika kidole.

"Muda mrefu sijashikwa na mtoto," akasema taratibu. "Umenikaribisha, mama, naye amenikubali. Niachie huyu."

"Huyu siwezi kumwacha," nikasema. "Sina mwingine."

"Basi niachie kidogo tu."

Nikauvuta mkono wa mtoto. Ulikuwa umekazwa, amini, na ulipoachia niliyumba nikagonga rafu, makopo yakaanguka. Nikatoka mbio bila maziwa. Nilipofika nje niligeuka. Mwanamke alikuwa amesimama nyuma ya kioo, mikono ameikunja kifuani, anabembeleza. Mikononi hamkuwa na kitu nilichoweza kukiona. Aisha hakulia. Njia nzima nilikuwa nikisimama na kumshika, nikidhani ameteleza kwenye mbeleko, kwa jinsi alivyokuwa mwepesi.

Shehe alimsomea. Kliniki walisema uzito umepungua kidogo, nimnyonyeshe chupa zaidi. Sasa anatembea, anacheka, ananiita jajja, yaani bibi. Lakini nimempeleka supamaketi ya Wandegeya, nimempeleka za mjini, nikamwacha anitangulie. Milango haisogei mpaka nifike mimi. Fundi mmoja aliniambia lile jicho la juu ya mlango, linalotambua anayekuja, limetegewa kimo cha watu wazima. Nikasimama pale mlangoni alasiri nzima nikitazama watoto wafupi kuliko yeye wakikimbia na mlango unawafungukia. Sikumuuliza fundi tena.

Nimerudi kwenye supamaketi ile mara nyingi kumtafuta yule mwanamke, nimpigie magoti anirudishie alichochukua. Sijamwona. Na kila tukiingia mahali Aisha anavuta gauni langu: "Jajja, leo niufungue mimi." Namwambia kesho.

Wewe unayesoma, ukimkuta mtu amesimama mbele ya mlango kama ule na haumfungukii, mhurumie moyoni, upite. Usimkaribishe. Hasa ukiwa umebeba mtoto.