Pensheni ya Papa Bagalwa

Bagalwa alizaliwa Mkongomani upande wa Bukavu. Aliporudi Congo kuishi Goma, miaka michache iliyopita, alikuwa mgeni. Sura ilikuwa ile ile, na Kiswahili chake hakikuwa kimepoteza hata utani mmoja. Lakini katika miaka mingi ya kuendesha tramu mjini Brussels alichukua uraia wa Ubelgiji, na sheria ya Congo haikubali mtu awe wa nchi mbili. Basi akaomba viza kama Mzungu yeyote, akapanga chumba mtaa wa Mabanga, na mbele ya mlango akaanza kutengeneza mashini za kushona, kazi aliyofundishwa na baba yake.

Kila mwezi pensheni yake iliingia kwenye banki kule kule Ubelgiji, naye hakuigusa. Siku ya kuagana, rafiki yake Théogène, ambaye pia aliendesha tramu, alimtisha: "Ndugu yangu, usiingize ile feza Congo. Wewe sasa ni mugeni. Ikivuka mupaka tu, batu ya kodi watakata nusu, na huku wamekwisha kukata. Utabakia na nini?"

Bagalwa hakumuuliza mtu mwingine. Aliishi kwa mashini, na mashini hazikumtosha. Sokoni alinunua sambaza, visamaki vya ziwani, za kufunika kiganja tu. Parokiani watu walinong'ona kwamba Ulaya walimfukuza, na wengine walimwachia sahani ya chakula mlangoni.

Ndipo Charline akaja. Alikuwa mjane kutoka Butembo, mfanyabiashara wa maharage na mafuta ya mawese, mwanamke wa sauti kubwa na mwendo wa haraka. Alileta mashini ya marehemu mama yake. Bagalwa aliitengeneza huku akimsimulia jinsi mbwa wa bibi mmoja alivyozoea kupanda tramu peke yake, na kushuka kila siku kituo kile kile, mbele ya bucha. Charline alicheka mpaka akaketi chini.

Wiki iliyofuata alirudi na mashini ile ile.

"Imeharibika nini tena, mama?"

"Sijui. Wewe angalia."

Bagalwa aliangalia. Haikuwa na ubovu wowote. Akaitazama mpaka jioni.

Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kisingizio. Charline alipita na maharage, alipita na sombe ya majani ya muhogo, na mvua ikinyesha alimlipia pikipiki ya kumrudisha kutoka misani. Bagalwa alipokea, na kila alipopokea aliinamisha macho. Siku moja Charline aliweka sufuria mezani akabaki amesimama.

"Papa Bagalwa, mimi niko na nyumba Keshero, niko na biashara. Wewe hauna kitu, najua, na sikuombi kitu. Tuoane."

Bagalwa alitaka kusema ndiyo, lakini kwanza alikuwa na la kukiri. Akamweleza yote: pensheni, banki, kodi.

Charline alivuta kiti akaketi. Kisha akapiga makofi mara moja. "Mwaka muzima ninabeba maharage kwa mutu wa pensheni!"

"Niliogopa kodi."

"Uliuliza nani?"

"Théogène."

"Théogène anafanya kazi ya kodi?"

"Hapana. Anaendesha tramu."

Charline alijaribu kukasirika, kicheko kikamshinda. Asubuhi yake alivaa kitenge kizuri, akamshika Bagalwa mkono, wakaenda pamoja kwenye biro ya kodi.

Karani aliyewapokea aliitwa Namegabe. Alisikiliza, akataka kuona karatasi inayoonyesha kwamba pensheni hukatwa kodi Ubelgiji, kisha akatabasamu.

"Muzee, hizi nchi mbili ziko na mapatano ili mutu asilipe mara mbili juu ya feza moja. Pensheni kama yako wamekwisha kuitoza kule. Hapa utatujulisha tu na kuleta hii karatasi. Ingiza feza yako, kula."

Bagalwa alishusha pumzi, lakini Namegabe alikuwa hajamaliza. "Na hapa Goma unafanya kazi gani?"

"Natengeneza mashini za kushona."

"Uko na patanti?"

Bagalwa hakuwa na kibali hicho cha biashara kinacholipiwa kodi, wala hakuwahi kukifikiria. Alikuwa ameogopa kodi asiyodaiwa, na ile anayodaiwa alikuwa ameikalia mlangoni pake. Akalipa siku ile ile, tena kwa furaha, akampa Namegabe mkono mara mbili. Charline alimvuta nje kabla hajampa mara ya tatu.

Wajomba wa Charline walikuja kutoka Butembo kupokea mahari. Mkubwa wao, Muzee Paulin, aliuliza kwa ukali, "Huyu mugeni wa Ulaya atatoa mbuzi, ao atatuletea shokola?"

"Mbuzi," Bagalwa akajibu. "Na shokola iko pia."

Mbuzi wakaletwa wakilia, wanono, na wajomba wakawakagua meno bila haraka. Muzee Paulin alipong'ata kipande cha shokola alifumba macho, akasema mazungumzo yamekwisha, ngoma zipigwe. Shangazi za Charline wakamzunguka bwana arusi, wakamvua koti, wakaanza kumfundisha kucheza Kinande, ngoma ya kwao Butembo. Alikosea mguu kila mara. Walimrudisha mwanzo, wakamrudisha tena, na Charline, katikati ya uwanja, akamsubiri huku mikono iko juu.