Pua ya Bi Salha

Bi Salha wa Mtongwe alikuwa mpishi wa udi, na kipimo chake kilikuwa pua. Hakutumia kijiko wala saa. Sukari huyeyuka sufuriani, hugeuka rangi, na kabla haijaungua hutoa harufu moja ya kupita tu. Hapo ndipo vipande vya udi, uturi na ambari huingia. Ukichelewa, umepika makaa. Maharusi wengi wa Likoni walifukizwa nguo kwa udi wake, naye alikuwa na maringo ya kazi hiyo, tena maringo ya haki.

Kisha pua ikaanza kuziba. Akasema ni mafua. Akajifukiza mkaratusi, akatia mafuta ya habasoda, akalala juu ya mito mitatu. Miaka ikapita. Kila asubuhi uso ulikuwa mzito, kamasi nene zikimshuka kooni, na kichwa kikimgonga juu ya macho. Harufu nazo zilimtoka moja moja, kama wageni wanaotoka harusini bila kuaga. Hakumwambia mtu. Mpishi wa udi asiyenusa ni nani? Aliendelea kupika kwa macho na mazoea, akizidisha uturi walau ahisi kitu.

Uani kwake alipanga Rispa, mwanamke wa Kakamega aliyekuwa akisafisha sakafu hospitalini. Rispa hakujua kuzungusha maneno. Siku moja alisimama mlango wa jikoni, akakunja uso.

"Mama, hii kitu imeungua. Inanuka kama sufuria ya chai yenye imesahaulika."

Bi Salha akacheka cheko la kumkata maini. "Wewe mtu wa bara, udi waujulia wapi? Kwenu si moshi wa kuni tu?"

Rispa naye akacheka, akanawa mikono, wakala. Tangu mumewe Jafar afariki na mwanawe Anwar ahamie Muscat, sinia la Bi Salha lilikuwa halijapata mkono wa pili mpaka alipokuja mpangaji huyu.

Ni Rispa aliyemburuta hospitalini. Daktari alimpitishia puani mrija mwembamba wenye taa, akamwonyesha kwenye skrini: vinyama vimeota vikaziba njia, na nyuma yake sainasi zilizovimba miaka na miaka. Dawa peke yake isingetosha, ilibidi apasuliwe.

"Lakini kwanza tupime damu, Mama. Homa ya ini na ukimwi. Tunampima kila mtu anayepasuliwa pua, maana pua hutoa damu nyingi. Si kwamba tunakushuku wewe."

Maneno hayo ya mwisho hayakumwingia. Marehemu Jafar alikuwa dereva wa malori, Changamwe hadi Kampala, nyumbani akija kama mgeni. Swali ambalo Bi Salha hakuthubutu kumuuliza mumewe akiwa hai, leo sindano ilikuwa ikimuuliza yeye. Alitoa damu. Majibu hakwenda kuyachukua.

Kipindi hicho hicho Bi Ummi, shoga yake tangu chuoni, alimwoza binti yake, na udi wa harusi ukatoka ng'ambo ya feri, mjini. Bi Salha aliuona kwa macho yake, umefungwa kwa utepe. Wanawake walimwamkia kwa upole uliozidi kipimo. "Mashallah, Bi Salha, Mungu akubariki mikono yako," walisema, kisha wakasogea upande wa pili wa mkeka. Hakuna aliyeagiza kitu kwake tena, si kwa harusi wala kwa Idi.

Akajitafutia sababu, akaipata upesi, kama anavyoipata kila mwenye hofu. Nani alimwona kwenye benchi la maabara? Rispa. Nani hana breki mdomoni? Rispa.

"Umenitangaza," alimwambia uani, jirani wakisikia. "Damu yangu umeimwaga mtaa mzima!"

"Mama, mimi kazi yangu ni kupiga deki. Hata sijui ulipimwa nini."

"Mwongo mkubwa! Nitokee nyumbani mwangu."

Rispa hakubisha. Akahamia Bombolulu, na chumba akakiacha kimefagiliwa.

Upweke uliofuata ulikuwa mbaya, tusipambe. Bi Salha alipika kwa ajili yake peke yake, akala nusu, nusu akawapa paka. Anwar alipopiga simu alimdanganya kwamba nyumba imejaa wageni. Mwishowe maumivu ya kichwa yakaishinda hofu, akaenda kuchukua majibu.

Damu yake ilikuwa salama, homa ya ini haimo, ukimwi haumo. Akalia mbele ya watu wa maabara, nao wakadhani ni furaha. Alikuwa akimlilia Jafar, ambaye yeye alimhukumu moyoni muda wote huo naye yuko kaburini hawezi kujitetea.

Akapasuliwa. Akasafisha pua kwa maji ya chumvi kama alivyoagizwa, hata asubuhi moja vitunguu vya jirani vikamjia, kisha sabuni, kisha mvuke wa ukuta uliorowa mvua. Akacheka peke yake. Akageuka amwambie mtu, hapakuwa na mtu. Basi akaenda kufungua kopo la udi wake, akarudi nyuma. Yalikuwa makaa, makaa yaliyomwagiwa uturi.

Alikwenda kwa Bi Ummi hata buibui hakulifunga vizuri. "Ummi, udi wangu uliharibika tangu lini?"

Bi Ummi akainamisha macho. "Siku nyingi, dada. Tulikuonea haya. Tungekuvunja moyo."

"Na habari za damu yangu, mlizisikia kwa nani?"

"Damu gani tena?"

Bi Salha akafunga buibui lake, akatoka. Siku ya pili alipika udi, akaunusa mpaka mwisho, ukatoka kama ule wa zamani. Akavuka feri, akashika njia ya Bombolulu.

Rispa alimpokea kwa heshima zote. "Shikamoo, Mama. Nashukuru Mungu umepona." Akampa kiti, akampa soda. Bi Salha akaomba radhi waziwazi, machozi yakimtiririka, na Rispa akasema yameisha, Mama, yameisha kabisa. Lakini yeye mwenyewe hakuketi.

Bi Salha akamsogezea kopo. "Nambia kweli, mwanangu, kama ulivyokuwa ukinambia. Udi huu wanukiaje?"

Rispa akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka juu ya kabati bila kufungua kifuniko.

"Mzuri sana, Mama," akasema. "Mashallah."