Mgonjwa Niliyemsindikiza

Mke wangu husema mimi ndiye mwanajeshi pekee wa mtaa wa Chemchem aliyewahi kutekwa na jogoo. Siwezi kumpinga, maana mashahidi ni wengi na wote wanauza mboga.

Ilikuwa mchana, siku chache kabla ya Idi. Nilikuwa nimetumwa sokoni kumchukulia mama mkwe jogoo, na nilikuwa narudi naye kwapani, nimevaa kanzu iliyopigwa pasi, natembea kama mtu aliyestaafu na heshima zake. Lori likapita, na tairi lake likapasuka. Kilichofuata sikikumbuki vizuri. Ninachokumbuka ni kwamba nilijikuta nimelala kifudifudi ndani ya mtaro, mikono kichwani, na jogoo chini ya kifua changu akinidonoa sikio kwa hasira ambayo, nikifikiri sasa, ilikuwa halali kabisa.

Mama mmoja muuza mchicha alinisogelea akainama.

"Umeteleza, baba?"

"Ndiyo, mama. Nimeteleza."

Kilikuwa kiangazi. Tabora nzima haikuwa na tope hata la kumfaa chura. Yule mama aliangalia mtaro mkavu, akaniangalia mimi, akasema, "Pole sana. Hapo huwa panateleza." Mpaka leo nikimkuta sokoni nanunua mchicha wake, hata kama nyumbani upo.

Nilistaafu jeshi nikiwa sajenti. Katika utumishi wangu nilipelekwa Kongo mara mbili, kulinda amani. Watu wakisikia neno amani hudhani tulikwenda kugawa biskuti, na mimi sikuwasahihisha. Kwenye baraza la kahawa, pale wazee na vijana wa mtaa wanapokaa asubuhi, nilikuwa na hadithi moja tu ya vita, nayo ilikuwa ya nyani. Nyani aliiba bereti ya kamanda wetu, akapanda nayo mtini, akaivaa, na kikosi kizima kikabaki chini kimesimama wima kwa sababu hakuna aliyejua kama apige saluti au acheke. Niliisimulia vizuri. Niliigiza kamanda, niliigiza nyani, na watu walisema nyani ndiye niliyemweza zaidi. Mtu akiuliza, "Na vita vyenyewe, afande?" nilijibu, "Vita ndio hivyo, nyani alitushinda," nikaagiza kashata.

Nyumbani mambo yalikuwa tofauti. Mke wangu ni fundi cherehani, na mimi nilikuwa siwezi kukaa karibu na cherehani ikienda kasi. Sikumwambia sababu. Nilisema inaniumiza kichwa, nikahamia uani, nikaanza kufuga kuku. Nikajenga banda. Niliinua kuta zake za tofali mbili mbili, mlango mmoja mwembamba, na katundu kadogo kanakotazama barabara. Fundi aliyenisaidia alifanya kazi mpaka alasiri bila kusema kitu, kisha akashindwa kujizuia.

"Samahani, afande. Hawa kuku wana maadui?"

Nilimjibu kwamba kuna vicheche. Kisha nikaweka kiti humo ndani, na nikawa nakaa mchana kutwa na kuku, nikitazama barabara kupitia katundu kangu. Watu wakinialika karamuni, kwanza nilikuwa namhamisha mgeni fulani ili nipate kiti kinachoelekea mlango. Kitandani nilikuwa nalala kidogo, kisha nahamia sakafuni. Niliviita vyote hivyo nidhamu ya kijeshi.

Mtu mmoja tu angeweza kunicheka kwa haki, na yeye hakucheka. Alikuwa mwenzangu wa kikosi kimoja, aliyestaafu na kurudi kwao Ntalikwa kulima karanga na viazi. Yeye Mmoraviani, mimi Mwislamu. Jumapili akitoka kanisani mimi nilikuwa nafika kwake, tunakaa nje na sahani ya michembe, viazi vile vilivyokaushwa, na chai. Tulizungumza mpira na mbolea. Kongo hatukuitaja. Kuna Jumapili tulimaliza mpira mapema, tukabaki tumekaa wawili tunautazama mfuko wa mbolea kama tunaosubiri useme wenyewe.

Huyu ndiye aliyenivuta kutoka kwenye gari siku tuliposhambuliwa barabarani. Wengine waliokuwemo hawakuvutika. Zaidi ya hapo sina la kuongeza, na yeye pia hakuwa akiongeza.

Asubuhi moja mke wangu aliingia bandani, mahali ambapo hakuwa na kawaida ya kuingia, simu mkononi. Alikuwa ameongea na shemeji yetu wa Ntalikwa, mke wa mwenzangu. Alikaa juu ya debe la pumba, akanishika goti.

"Mwenzako amefariki," akasema. Kisha, kwa kuwa si mtu wa kuficha, "Amejiua."

Nilimwuliza kama kuku wamepewa maji. Hilo ndilo lililonitoka.

Msibani watu walikuwa wengi. Mtoa matangazo, jamaa wa ukoo mwenye sauti nzuri, alisimama akaeleza kwamba marehemu aliugua ghafla. Watu wakaitikia kwa vichwa, kila mmoja akishukuru kupewa neno la kushika. Shemeji akainuka pale alipokuwa ameketi na wanawake wenzake. Hakupaza sauti.

"Hakuugua ghafla," alisema. "Ameugua tangu aliporudi kutoka Kongo. Mume wangu amejiua, na mchungaji anajua, na amekubali kumzika. Msimfiche mtu wangu kama mwizi."

Yule mtoa matangazo, kwa kukosa la kufanya, akatangaza kwamba sasa atakaribishwa askari mwenzake atoe neno.

Nilikuwa nimeandaa maneno: hodari, mzalendo, ametutangulia. Nilisimama, nikanyoosha mgongo, nikafungua mdomo, na kikatoka kisa cha nyani. Sijui kilitokea wapi. Nilijisikia nikisimulia bereti, nikasikia mkono wangu ukipanda mti, na nikashindwa kuacha. Wazee wa kanisa walinitazama kwa macho ya watu wanaotafuta nani aje kunishika. Nilifika mpaka pale nyani anapoivaa, nikasema, "Basi," nikakaa. Katika maisha yangu nimewahi kuaibika, lakini siku hiyo ndipo nilipojua aibu ni kitu gani.

Baada ya mazishi shemeji aliniita pembeni ya nyumba. Nilianza kuomba radhi, akainua mkono.

"Shemeji, ile siku ya nyani ndiyo siku gani?"

Nikaanza kufuta vumbi kwenye kanzu.

"Ndiyo siku ileile ya gari. Nyani alikuwa asubuhi. Yeye aliniambia, mara moja tu, miaka ya nyuma. Hadithi yako wewe inaishia asubuhi. Ya mume wangu ilikuwa inaanzia mchana, kila siku. Lakini macho ni yaleyale. Nimeishi na hayo macho, nayajua. Jumatatu nenda hospitali, kwa watu wa afya ya akili."

"Nitajitahidi, shemeji."

"Sikukuuliza kama utajitahidi."

"Ndiyo, afande," nikasema, na ilinitoka bila mzaha wowote. Mimi ni mtu wa amri. Kama angeniomba tu, nisingekwenda.

Jumatatu nilikwenda, nimevaa kofia ya kuzuia jua mpaka kwenye nyusi. Wanyamwezi babu zetu walibeba pembe za ndovu vichwani kutoka hapa mpaka pwani, na mimi mjukuu wao nilikuwa nashindwa kubeba mwili wangu kutoka geti la hospitali mpaka mlango wa kliniki. Nilipita mara ya kwanza kama ninayeelekea meno. Nilipita mara ya pili kama ninayetoka meno. Mara ya tatu nikakutana uso kwa uso na mama mmoja jirani yetu wa Chemchem.

"Shemeji! Unaumwa?"

"Hapana, hapana. Nimemsindikiza mgonjwa."

"Yuko wapi?"

"Chooni."

Alipoondoka nikaingia. Chumba cha kusubiri kilikuwa na viti vingi, lakini kimoja tu kilichokuwa na ukuta mgongoni na mlango mbele. Kilikuwa kimekaliwa. Mwanamume wa rika langu, mgongo wima, viatu vinang'aa kuliko hali ya hewa ilivyoruhusu. Aliniona nilivyokitazama kiti, akajua. Nikakaa cha jirani yake.

"Umemleta nani?" nikamwuliza.

"Shangazi. Na wewe?"

"Binamu."

"Yuko wapi?"

"Chooni. Shangazi je?"

"Chooni pia."

Tukatazama mbele. Baada ya muda akasema polepole, "Hicho choo leo kina kazi." Mabega yake yakaanza kutikisika, na yangu yakafuata, tukawa tunacheka kimyakimya kama watoto msikitini. Nesi akachungulia mlangoni, mwanamke mdogo wa umri wa binti yangu.

"Wazee wangu, shikamooni. Binamu akitoka chooni aje huku. Shangazi atafuata."

Ndani nilijiandaa kumchekesha. Nilikuwa na nyani tayari. Lakini yeye aliniuliza nalala vipi, nakula vipi, nini kinanishtua, na baada ya hapo, kwa sauti ileile ya kuulizia chakula, "Umewahi kufikiria kujiua?"

Kwa mara ya kwanza tangu nistaafu sikuwa na la kuigiza. Nikasema ndiyo. Nikasema ilikuwa bandani, mchana, na si mara moja. Akaniuliza nini kilinizuia. Nilitamani kumwambia imani, au watoto wangu, au nchi. Lakini nilikuwa nimechoka, nikasema ukweli.

"Kuku. Nilijiuliza nani atawalisha jioni."

Nilingoja acheke. Hakucheka.

"Kuku wamefanya kazi nzuri," alisema. "Sasa tuwapunguzie. Nyumbani nani anajua?"

"Hakuna."

Alinieleza kwamba lazima mtu mmoja wa nyumbani ajue, siku hiyohiyo, na kwamba siku wazo likirudi nisikae nalo peke yangu, niseme kwa mtu, au nije hapo bila kungoja tarehe. Nikarudi nyumbani nikizunguka mitaa, natafuta maneno ya kumwambia mke wangu bila kumvunja moyo. Nilimkuta anashona. Aliponiona alisimamisha cherehani. Nikasema yote kwa pamoja, bila mpangilio, nimesimama katikati ya vitambaa.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Unadhani kwa nini nakutuma sokoni kila siku?" akauliza.

"Vitunguu," nikasema.

"Vitunguu vimejaa mpaka uvunguni, baba watoto. Tunavila lini? Nilikuwa nataka utoke kwenye hicho kibanda uonane na watu. Nilikuwa nahesabu dakika mpaka urudi."

Kisha akalia, na mimi nikalia, na nikajisikia mjinga kwa namna ambayo sikuwahi kuifurahia kabla. Mimi niliyejivunia kwamba hakuna kinachonipita pale barabarani, nilikuwa nalindwa na mwanamke mwenye kikapu cha vitunguu, na sikuona kitu.

Sikupona kama watu wanavyopona kwenye hadithi. Vidonge vya mwanzo vilinipa usingizi mzito hata nikakoroma kwenye hotuba ya Ijumaa, na imamu akaniombea nguvu mbele ya watu. Mlango bado nautazama. Lakini kitandani nalala mpaka alfajiri mara nyingi, na cherehani naweza kukaa nayo chumba kimoja nikiambiwa mapema kwamba inaanza. Nesi pia alinifanya nisimulie ule mchana, kidogo kidogo. Mara ya kwanza nilifika mpaka mlango wa gari tu. Tukaacha, tukarudia mwezi uliofuata.

Yule bwana wa shangazi tumekuwa marafiki. Yeye ndiye niliyekwenda naye Igunga, nilipopata habari kwamba dereva mmoja wa kikosi chetu cha zamani, aliyestaafu na kufuga ng'ombe huko, hapokei simu na hatoki nje. Tulipanda basi. Njiani nilifanya mazoezi ya namna ya kuanza kwa hekima. Tulimkuta nyuma ya nyumba yake, karibu na majaruba ya mpunga, amekonda.

"Mwadila," nikamsalimu.

"Mwadila."

Hekima yote ikaniruka. "Unafikiria kujiua?" nikamwuliza, hata kukaa sijakaa. Mwenzangu wa safari akafumba macho kwa aibu.

Yule dereva alitutazama muda mrefu.

"Mmepanda basi kutoka Tabora kuja kuniuliza hilo?"

"Ndiyo."

"Siku nyingine, ndiyo," akasema. Kisha akavuta vigoda viwili. "Kaeni, basi."

Tulikaa mpaka ng'ombe waliporudi zizini. Alianza kusema, akaacha, akaanza tena, na mimi sikumkatiza. Mke wangu aliposimuliwa hilo hakuamini. Mwishoni tulimwomba tumweleze mkewe, yeye mwenyewe akiwepo, akakubali. Basi la kurudi lilitupita tukiwa bado tunakula wali. Wiki ileile alikuja Tabora kwa daktari, mkewe akiwa naye, na bado anakuja. Huwa analalamika kwamba wali wa mjini hauna ladha.

Nilimpigia shemeji wa Ntalikwa nikamweleza. Nilisikia upepo na watu wakiongea Kinyamwezi shambani.

"Na wewe umekunywa dawa leo?" akauliza.

"Nimekunywa, shemeji."

"Haya. Niache nipalilie karanga."