Timu ya Ray ilihamishwa, nikacheka. Kisha ikaja barua ya mama

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mzee wa Fisksätra, hapa pembeni mwa Stockholm. Haya sijayatia chumvi. Pakiwa na kosa, laumuni kumbukumbu.

Mwishoni mwa miaka ya sitini nilitoka Tanzania kuja kujifunza ufundi kwenye kiwanda cha malori, Södertälje. Nikabaki.

Chakula cha mchana pale kiwandani nilikuwa nikila na Ray, Mmarekani aliyelikimbia jeshi ili asipelekwe Vietnam. Akirudi kwao, jela. Tulielewana kwa Kiswidi cha kuokoteza.

Ray alikuwa na kitu kimoja cha kwao: timu. Football ya Kimarekani, ile wanayobeba mpira mikononi na miguu wanayo (tulibishana sana hapo).

Timu hiyo ilianzishwa na wachomelea vyuma wa mji wao, ikakua hadi ikawa ya kulipwa. Marehemu baba yake alikuwa na nafasi yake uwanjani, kwenye benchi la mbao. Ray alijifunza kuhesabu kwa namba za migongoni.

"Wakinisamehe, naenda kukaa pale kwanza," alikuwa akisema. "Nyumbani baadaye."

Siku moja dada yake akamtumia kipande cha gazeti. Mwenye timu alidai uwanja mpya, mji ukakataa kumjengea. Basi akachukua timu, jina na jezi, akavipeleka mji mwingine, mwendo wa siku mbili kwa gari.

Wakuu, nilicheka. Kwetu timu ni ya mtaa, sasa mtaa unahamaje?

Nikamwambia, "Ni mpira tu, Ray. Si uhamie timu nyingine?"

Alikunja lile gazeti, akabeba sinia lake, akaenda meza nyingine. Nikaona ananuna kitoto.

Hujafa hujaumbika. Haikupita miezi mingi ikaja barua ya mama, kaandikiwa na mwalimu. Ilikuwa ile miaka ya watu kuhamishiwa vijiji vipya.

"Mwanangu, tumehamishwa. Nyumba imebomolewa. Baba yako tumemwacha kule."

Watanzania wenzangu walisema ndiyo maendeleo, kutakuwa na shule na bomba. Na kweli vilikuja baadaye. Lakini mimi mchana ule niliisoma tena ile barua, chakula kikapoa.

Ray akanikuta nimekaa na ile barua. Nikamtafsiria. Nilitegemea anirudishie maneno yangu, na ningestahili.

Akauliza, "Kaburi nani atalipalilia?"

Nililia mbele ya Waswidi, wakuu. Nikamwomba radhi. Akakaa, akaanza kula.

Serikali yao ilipowasamehe waliokimbia vita, Ray akaenda kwao. Mlinzi alimfungulia uwanja mtupu, akakaa kwenye benchi la baba yake saa nzima. Kisha akarudi huku Sweden.

Mimi nilienda likizo iliyofuata. Mama alinipeleka kijiji cha zamani, pori tupu. Tulipata kwanza mafiga matatu ya jiko letu, na kutoka pale mama akahesabu hatua hadi kaburini. Nikapalilia.

Nilichojifunza: usimwambie mtu "ni mpira tu" kabla hujajua ameweka nini humo.

Wajukuu wakiniuliza kwa Kiswidi kwetu ni wapi, nataja kile kijiji cha zamani. Wanatafuta kwenye simu, wanasema, "Babu, hakipo."

Nyie mliohamishwa, mkiulizwa kwenu ni wapi, mnapataja wapi? Andikeni majina hapa chini, hata yale ambayo hayapo kwenye ramani. Nitayasoma yote.