Somo la Mwezi Ukutani pa Matete

Walimu Wazungu walipoondoka baada ya uhuru, shule yetu ya Mulongwe ilibaki na mwaka wa tano usio na mwalimu. Direkta, mkuu wa shule, alisema mmoja wetu atapewa: mimi, au mwenzangu wa darasa la jirani. Sote wawili tulikuwa tumesoma kidogo. Mimi nilimtangulia kufundisha, basi sikuona cha kubishania.

Kisha nikamsikia akifundisha mwezi. Kati yetu palikuwa na ukuta wa matete tu. Somo lile mimi nililitoa kama nilivyolipokea kwa masista: chungwa ni dunia, limau ni mwezi, mshumaa ni jua, rudieni. Wanafunzi walirudia vizuri. Kesho yake walichokumbuka ni limau.

Yeye, binti wa wavuvi wa Kalundu, hakuleta kitu. Aliuliza, "Baba zenu wanalala nyumbani wakati gani?"

"Wakati mwezi iko mukubwa, mwalimu."

"Sababu gani?"

"Ndagala hawafuate taa. Kila pahali kuko mwangaza."

"Na giza ikirudi?"

"Baba anarudia ku ziwa. Mama anafurahi."

Wakacheka, maana wote walijua dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, naye akawachukua kutoka hapo mpaka mzunguko wote wa mwezi, wao wakimwambia mbele kinachofuata. Wivu ulinipanda kifuani kama kiungulia. Nilijiambia ni kwa sababu kwao ni Kalundu. Lakini baba yangu pia alikuwa mvuvi. Taa zile niliziona utoto wangu wote, na sikufikiri kuziingiza darasani.

Uasi ulipofika tambarare ya Ruzizi, watu wa Kiringye walikimbilia kwetu, na watoto wao tukagawana kati ya madarasa yetu mawili. Ndipo Direkta akatangaza kwamba atakuja kutusikiliza, kisha ataamua. Nilichagua somo la mwezi. Nilichukua na swali la mwenzangu, neno kwa neno.

Watoto wa Mulongwe walijibu upesi. Nikamnyooshea kidole msichana wa Kiringye. Akasimama. Halafu akasema, "Baba yangu haendake ku ziwa. Iko analima mupunga."

"Weye unakulaka ndagala tu, haujue inatoka wapi," akasema mmoja nyuma, na darasa likamcheka.

Direkta aliandika kitu. Kidogo nirudie limau. Badala yake nikamuuliza yule msichana, "Na kwenu, mwezi ikiwa mukubwa, munafanya nini?"

"Tunalala. Muntu mumoja anatosha kulinda shamba. Viboko vikitoka mu Ruzizi, anaviona mbali."

"Na wakati wa giza?"

"Nyumba yote tunatoka na moto."

Yule aliyemcheka akakunja uso. "Kumbe nanyi mwezi ikipotea munawasha."

Basi somo likatembea lenyewe, wa ziwani na wa mpunga wakibishana ni usiku upi mwezi unachelewa kutoka. Mimi nilikuwa nachora ubaoni tu.

Baadaye Direkta aliniuliza, "Mama, njia hii umeitoa wapi?"

Ningeweza kusema kichwani mwangu. Ingekuwa nusu ya kweli, na nusu ile niliitamani sana. Nikamwambia, "Ni ya yule wa nyuma ya ukuta. Yangu ni viboko peke yake."

Akaenda kumsikiliza. Mwaka wa tano akapewa yeye. Nikipima bila upendeleo, naona Direkta aliamua sawa; lakini siku zile nilipomwona mwenzangu amebeba chaki za darasa la wakubwa, nilipitia njia nyingine.

Wiki haikuisha akanifuata nyumbani. Alisimama mlangoni, hakukubali kiti, akaniita dada mkubwa.

"Yaya, wale wa Kiringye minye nimeshindwa. Ninawauliza habari ya taa, wananiangalia tu. Weye uliwauliza nini?"

Nilifikiri kumwambia arudi kesho. Sikufanya hivyo. Nilimwambia hapo hapo, lakini polepole, neno moja moja, kwa sababu alikuwa ananisikiliza kama mwanafunzi, na sikutaka saa ile iishe upesi.